Vumbi la Zohali halikupigwa picha, lilipimwa kwa chaji

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Habari za vumbi linalozunguka sayari kubwa, Mshtarii na Zohali, siku hizi zinasomwa sana magazetini na kwenye simu, na wanafunzi wanakuja nazo skuli wakitaka ufafanuzi. Kasoro yake ni moja na inajirudia: zinaandikwa kama vile chombo cha anga kilikwenda huko, kikachota vumbi, kikalitazama, kikatuletea jibu. Utasoma kwamba chombo cha Cassini kiliyaonja maji ya bahari iliyo chini ya barafu ya Enceladus, mwezi mmojawapo wa Zohali, au kwamba kiliziona chembe ndogo kuliko vijidudu. Hakuna kilichoonjwa wala kilichoonekana. Pete za Zohali zimepigwa picha nyingi na nzuri, lakini punje moja moja ya vumbi, yenye upana wa sehemu ya elfu ya milimita, haikuonekana na kamera yoyote ya chombo hicho.

Kilichopimwa ni chaji ya umeme. Chembe inagonga chuma kwa kasi kubwa, inageuka mvuke wenye chaji (plazma), na kifaa kinaipima chaji hiyo. Ukubwa wa chembe, uzito wake, ilikotoka na kilichomo ndani yake, vyote vilikokotolewa baadaye hapa duniani. Mwandishi akiiruka hatua hiyo, msomaji anabaki na namba asiyojua aiamini kwa kiasi gani.

Tuanze na kifaa chenyewe, maana ndicho kisichosimuliwa. Cassini iliondoka duniani Oktoba 1997, ikafika Zohali katikati ya 2004, na tarehe 15 Septemba 2017 ikaingizwa makusudi katika angahewa ya sayari hiyo ikaungua. Kifaa chake cha vumbi kilikuwa na uzito wa kilo 17 hivi. Waliokisimamia ni wanasayansi wa Taasisi ya Max Planck ya Fizikia ya Nyuklia, Heidelberg, Ujerumani, kwanza Eberhard Grün na baadaye Ralf Srama. Mdomo wake ulikuwa na upana unaozidi sentimeta 40, na ndani kabisa kulikuwa na bakuli la chuma lililopakwa dhahabu. Katikati ya bakuli hilo kulikuwa na sehemu ndogo, yenye kipenyo cha sentimeta 16, iliyotengenezwa kwa rodiamu.

Chembe ikiingia hukutana kwanza na nyavu za waya mwembamba. Mbili kati ya nyavu hizo ziliwekwa mshazari wa nyuzi 9. Chembe yenye chaji ikipita hapo huamsha chaji kwenye wavu bila kuugusa, na kwa sababu ya ule mshazari, muda wa ishara hutoa fununu ya upande chembe ilikotokea. Hii ndiyo mada ya chaji ya kuambukizwa ambayo wanafunzi huisoma kwa elektroskopu. Lakini kizingiti cha nyavu hizo, yaani chaji ndogo kabisa zinazoweza kuisikia, ni karibu femtokulombi 1 (femtokulombi ni kipimo kidogo sana cha chaji). Chukua chembe ya barafu yenye nusu kipenyo cha mikromita 1 (sehemu ya elfu ya milimita) na voltiji ya volti 3. Chaji yake ni sawa na ya elektroni 2,000 hivi, yaani theluthi ya femtokulombi. Wavu hauna habari nayo. Ili isikike, nusu kipenyo chake lazima kifike mikromita 3. Kwa hiyo mtu akikwambia chaji za chembe za Zohali zilipimwa, mwulize ni chembe zipi: ni zile nene tu.

Kisha chembe inagonga. Cassini na chembe za pete ya nje, ile inayoitwa pete ya E, ambayo vumbi lake linatoka Enceladus, zilikutana kwa kasi iliyotofautiana kufuatana na mzunguko, mara nyingi kati ya kilomita 4 na 20 kwa sekunde. Kwa kilomita 8, kila kilo ya barafu ina nishati ya jouli milioni 32, ilhali kuigeuza kilo hiyo kuwa mvuke kunahitaji jouli milioni 3 tu au pungufu kidogo. Iliyobaki inavunja molekuli na kung'oa elektroni. Punje ya mchanga ya nusu milimita ikianguka kwa mita 2 kwa sekunde ina nishati kama mara 3 ya chembe ya barafu tuliyoitaja hapo juu ikiwa inakwenda kilomita 8 kwa sekunde, na uzito wake ni zaidi ya mara milioni 40. Ndiyo maana mchanga unadunda na chembe ile inatoweka. Inapimwa mara moja, haina marudio.

Ikigonga rodiamu, kazi ya kuitambua inaanza. Milimita 3 mbele ya rodiamu upo wavu mwingine, na kati yao kuna tofauti ya volti 1,000. Ioni chanya (atomi na molekuli zilizobeba chaji chanya) zinasukumwa kutoka kwenye rodiamu kwa nguvu hiyo, zote zinapata nishati ileile, kwa hiyo nyepesi zinatangulia na nzito zinafuata. Mbele yao kuna njia ya takriban sentimeta 23. Hesabu ya kawaida ya nishati mwendo inatosha: ioni ya maji yenye uzito wa 19 kwa kipimo cha atomi (yaani molekuli ya maji iliyobeba protoni moja) inakwenda kilomita 100 kwa sekunde na kufika baada ya mikrosekunde 2.3 hivi, sodiamu yenye uzito wa 23 inachukua 2.5, rodiamu yenye 103 inachukua 5.3. Kifaa kilisoma ishara mara milioni 100 kwa sekunde, kwa muda wa mikrosekunde 6.4, kisha kikafunga.

Kwa nini rodiamu, chuma ghali kiasi kile? Kwa sababu ina isotopu moja tu, yaani atomi zake zote zina uzito mmoja, 103. Kilele chake kwenye mchoro wa ishara hizo, ambao kila uzito wa ioni unatoa kilele chake, ni kimoja na kinajulikana kipo wapi, kwa hiyo kinatumika kupangia mizani ya vilele vingine. Chuma chenye isotopu tano au sita kingejaza mchoro vilele vyake chenyewe.

Sasa mchoro unasomwaje? Chembe ya barafu safi inatoa vilele vya 19, 37, 55, 73: kila kimoja kinazidi kilichotangulia kwa 18, uzito wa molekuli moja ya maji. Ikiwemo sodiamu, mfululizo unahamia 23, 41, 59. Ikiwa chembe ina chumvi nyingi, inaonekana 63, ambayo ni sodiamu iliyobeba hidroksidi ya sodiamu, na juu yake jozi ya 81 na 83, sodiamu iliyobeba chumvi ya kawaida. Jozi hiyo ni saini ya klorini, yenye isotopu za 35 na 37 kwa uwiano wa karibu 3 kwa 1, na vilele navyo vinatakiwa vifuate uwiano huohuo. Visipofuata, hiyo si klorini.

Na hapa ndipo penye mtego. Rodiamu yenyewe haikuwa safi. Juu yake kulikuwa na mabaki kidogo ya hidrojeni, kaboni, sodiamu na potasiamu tangu ilipotengenezwa. Kwa hiyo kilele kidogo cha 23 peke yake hakithibitishi kitu. Ndiyo sababu Frank Postberg na wenzake, walipotangaza mwaka 2009 kwamba vumbi la pete ya E lina chumvi, hawakuegemea kwenye 23. Waliegemea kwenye kundi la chembe, kama asilimia 6 ya zote, zenye sodiamu nyingi kiasi cha kuufunika mfululizo wa maji, pamoja na ile jozi ya 81 na 83. Kutokana na hizo walikadiria chumvi ya asilimia 0.5 hadi 2 kwa uzito. Bahari yetu hapa ina 3.5 hivi. Barafu inayoganda kutoka kwenye mvuke haibebi chumvi ya kiasi hicho, kwa hiyo chembe hizo ni matone yaliyoganda ya maji yaliyogusana na miamba. Huo ni ushahidi mzuri sana, tena kwa maoni yetu ni bora kuliko picha yoyote. Lakini ni ushahidi wa kufikiri, na kila hatua yake ina sharti lake.

Kipo kizuizi kingine kisichotajwa kabisa magazetini. Kwa kuwa rodiamu ilikuwa na volti chanya, ioni chanya pekee ndizo zilizosukumwa kwenda kupimwa. Hasi zilibaki nyuma. Fosfeti, iliyotangazwa 2023 kuwamo kwenye chembe hizo, ilitambuliwa kwa sababu ilikuja imeshikamana na sodiamu na kwa jumla ikabeba chaji chanya.

Halafu kuna suala la maabara. Kabla ya mchoro kutafsiriwa lazima ufananishwe na michoro ya vitu vinavyojulikana. Heidelberg walikuwa na mtambo wa volti milioni 2 wa kurusha vumbi, lakini mtambo huo unarusha chembe zinazopitisha umeme, kama za chuma, kwa kuwa ni lazima chembe ichajiwe kwanza. Barafu haikubali. Njia waliyoipata ni kupitisha uzi mwembamba wa maji ndani ya ombwe na kuupiga kwa leza. Ukali wa leza unarekebishwa mpaka mchoro ufanane na ule wa chembe iliyogonga kwa kasi fulani. Ni mbinu ya werevu, na imefanya kazi, ila ni mfano wa mgongano, si mgongano wenyewe.

Tumekaa sana kwenye aina ya chembe. Uzito ndio unaopotosha zaidi. Chaji inayozaliwa kwenye mgongano inaongezeka sambamba na uzito wa chembe, lakini kwa kasi inaongezeka kwa kipeo cha karibu 3.5. Kasi ikizidi mara 2, chaji inazidi mara 11. Kifaa kinapima chaji, ukiigawa kwa kipeo hicho cha kasi ndipo uzito unapatikana. Ukikosea kasi mara 2, uzito umeukosea mara 11. Ukikosea mara 10, uzito unakosewa zaidi ya mara 3,000.

Hilo lilitokea kweli, kwenye Mshtarii. Chombo cha Ulysses kilipita karibu na sayari hiyo Februari 1992, na baadaye, kikiwa kinaondoka, kikaanza kugongwa na makundi ya vumbi yaliyokuja kwa zamu, karibu kila baada ya siku 28, kutoka upande wa Mshtarii. Hakuna aliyetegemea. Kasi ilikadiriwa kwa njia ya kawaida, yaani kwa kuangalia ishara inapanda kwa muda gani na kulinganisha na majedwali ya maabara, ikapatikana makumi ya kilomita kwa sekunde. Uzito ukakokotolewa kutoka hapo. Mwaka 1996 Herbert Zook na wenzake walifuatilia jinsi uga sumaku wa upepo wa Jua unavyozipinda njia za chembe hizo, wakaona kwamba haziwezi kupinda vile zikiwa nzito na za polepole. Kasi ilikuwa zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde, na chembe zenyewe za upana wa nanomita 10 hivi (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikromita), nyepesi kama mara 1,000 kuliko ilivyodhaniwa. Majedwali hayakuwa na makosa. Yalitumiwa nje ya mipaka yake, kwa sababu mitambo ya maabara haijafika hata nusu ya kasi hiyo kwa chembe za kupimia.

Zilikotoka pia kulijulikana kwa hesabu. Galileo, chombo kingine cha anga, iliyofika Mshtarii Desemba 1995 ikiwa na kifaa pacha cha kile cha Ulysses, chenye eneo la kupokea vumbi la mita za mraba 0.1, ilikusanya miaka kadhaa ya mapigo. Mwaka 2000 Amara Graps na wenzake walichambua mapigo hayo kwa vipindi, wakakuta saa 42, ambazo ni mzunguko wa mwezi Io, na saa 10, mzunguko wa Mshtarii yenyewe. Volkano za Io zinatoa moshi, chembe ndogo zinapata chaji, na uga sumaku wa sayari unaozunguka pamoja nayo unazirusha nje. Desemba 2000 Cassini ilipopita hapo ikielekea Zohali, mchoro ulionyesha chumvi ya kawaida kuwa kitu kikuu kwenye chembe hizo.

Kwa pete ya E watafiti hawakuiachia ishara peke yake kutoa kasi. Walichukulia kwamba chembe inazunguka Zohali kwa njia ya duara, wakajua njia ya Cassini kwa usahihi, wakatoa kasi moja kwa nyingine. Hapo kosa ni dogo. Msomaji akiona uzito wa chembe ya Enceladus na uzito wa chembe ya Mshtarii kwenye makala moja, ajue hizo namba mbili hazina nguvu sawa.

Kuhesabu nako kuna shida zake, ingawa kunaonekana rahisi. Kifaa cha Cassini kikipokea chembe kilihitaji karibu sekunde 1 kuisoma na kuihifadhi, na muda huo hakikusikia nyingine. Tuseme kimeandika chembe 0.8 kwa sekunde. Kumbe katika kila sekunde kilikuwa kimeshughulika kwa sekunde 0.8, kikiwa wazi kwa 0.2 tu, kwa hiyo idadi ya kweli ni 4. Kikiandika 0.9, ya kweli ni 9. Tofauti ndogo kwenye maandishi, zaidi ya maradufu kwenye ukweli. Ndiyo maana pembeni mwa kifaa kikuu kulikuwa na karatasi mbili za plastiki maalumu, moja ya mikromita 28 na nyingine ya 6, zilizotengenezwa Chuo Kikuu cha Chicago. Plastiki hiyo ina umeme uliogandishwa ndani yake. Chembe ikiitoboa au kuichimba, sehemu iliyoharibika inatoa pigo la chaji. Haitambui aina ya chembe, lakini inahesabu hadi 10,000 kwa sekunde.

Karatasi hizo ndizo zilizofanya kazi tarehe 14 Julai 2005. Cassini ilipita Enceladus chini ya kilomita 180. Kama vumbi lingekuwa linatoka kila mahali juu ya mwezi huo, kwa kupigwa na vimondo vidogo, mapigo yangekuwa mengi zaidi pale chombo kilipokuwa karibu kuliko wakati wowote. Yakafika kilele dakika 1 hivi kabla. Kwenye dakika hiyo Cassini ilikuwa bado upande wa kusini. Dakika moja tu, na ikatosha kusema chanzo kiko ncha ya kusini, jambo ambalo picha za michirizi ya barafu zilikuja kulithibitisha.

Mionzi ni adui mwingine. Ndani ya mzunguko wa Io elektroni zenye nishati kubwa zinagonga kifaa na kutoa ishara zinazofanana na chembe. Galileo ilijihami kwa kutaka ushahidi wa njia tatu: chaji ya elektroni, chaji ya ioni, na kipaza ioni, zote kwa mpangilio wa muda unaokubalika. Ishara iliyokosa mmoja iliwekwa daraja la chini. Bahati mbaya antena kubwa ya Galileo ilikataa kufunguka mwaka 1991, na kwa hiyo kutoka Mshtarii iliweza kutuma biti 10 hadi 160 tu kwa sekunde. Chembe nyingi zilibaki kuwa namba kwenye kihesabio.

Pia vumbi linapimwa bila kifaa cha vumbi. Chembe ikigonga popote kwenye mwili wa chombo, wingu la chaji linabadilisha voltiji ya antena za mawimbi ya plazma. Ni kama kukaa ndani wakati wa mvua chini ya bati: unajua inanyesha kwa nguvu gani, huoni tone. Chombo cha Voyager 2 kilisikia hivyo Agosti 1981 kilipovuka usawa wa pete za Zohali, na muda mfupi baadaye jukwaa linalobeba kamera likakwama. Wengi wakalishuku vumbi. Uchunguzi ukaonyesha ni mafuta ya kulainisha gia.

Aprili 2017 Cassini ilianza mizunguko yake 22 ya mwisho, ikipenya kati ya pete na sayari. Mara ya kwanza iligeuza antena yake ya mita 4 mbele iwe ngao. Ikasikika karibu kimya, na habari zikaandikwa kwamba pale ni patupu. Patupu pa nini? Njia hiyo ya antena inasikia chembe kuanzia mikromita 1 hivi. Vifaa vingine vya Cassini vilikuta mahali palepale mvua ya chembe za nanomita kadhaa zinazotoka kwenye pete na kuanguka kwenye sayari. Kipimo cha kwanza hakikukosea. Kilichokosewa ni kuandika matokeo bila kutaja kizingiti.

Na hata hesabu ikiwa safi, tafsiri yake inaweza kugombewa. Kwa miaka 13 Cassini ilitambua chembe 163 tu zilizotoka mbali, nje ya mfumo wa Zohali. Kutokana na hizo, mwaka 2023 ilitangazwa kwamba pete zimekuwa zikipakwa vumbi kwa miaka isiyozidi milioni 400, hivyo ni changa. Mwaka 2024 watafiti wengine walijibu kwamba kimondo kidogo kikigonga pete kinageuka mvuke na sehemu kubwa ya uchafu haibaki, kwa hiyo pete zinaweza kuwa kongwe na bado zikang'aa. Zile 163 ni zilezile kwa wote.

Ombi letu, Mhariri, ni dogo. Makala ya vumbi la sayari ikifika mezani kwako, itafutiwe kasi ya mgongano na jinsi ilivyopatikana, chembe ndogo kabisa ambayo kifaa kinaweza kuisikia, na ukubwa wa eneo lililopokea. Sentensi moja inatosha. Chombo cha Europa Clipper kimeondoka Oktoba 2024 na kinatarajiwa kufika Mshtarii Aprili 2030, kikiwa na kifaa cha vumbi cha Chuo Kikuu cha Colorado kinachoweza kupima ioni chanya na hasi. Habari zitakuwa nyingi kuliko za Cassini.

Kwa skuli zinazotaka kulionyesha jambo hili darasani, hakuhitajiki ombwe wala rodiamu. Tafuta kwa fundi redio kisahani cha piezo cha milimita 27, kile kinacholia ndani ya kengele za mlango. Kilaze juu ya sponji, upande wa shaba juu, ukiwa umekiinamisha kidogo. Kiunganishe na tundu la maikrofoni la laptopu kwa waya wenye kinga. Sambamba na kisahani weka rezista ya megaohmu 1, kwenye njia ya ishara weka ya kiloohmu 10, na mbele ya tundu diodi mbili za 1N4148 zilizopangwa kinyume, kwa sababu kisahani kikigongwa kwa nguvu kinaweza kutoa volti nyingi na kuunguza kompyuta. Rekodi kwa programu yoyote ya sauti inayosoma mara 44,100 kwa sekunde.

Dondosha shanga za kioo za milimita 2, moja moja, kutoka sentimeta 20 halafu 80. Kasi ni mita 2 na mita 4 kwa sekunde, na pigo litakua karibu maradufu. Hapa ni msukumo unaopimwa, kwa hiyo msitegemee ile mara 11 ya plazma. Mchanga mwembamba wa ufukweni haufai kwa sehemu hii, maana hewa inauzuia na haufiki kasi iliyokokotolewa. Utumieni baadaye, kutafuta punje ndogo kabisa inayosikika.

Ushanga ukidunda utaandika mapigo mawili au matatu na mwanafunzi atahesabu chembe ambazo hazipo. Ndiyo kazi ya ule mwinamo. Ukishindwa kuuzuia, kubalianeni kwamba pigo lolote ndani ya nusu sekunde baada ya lililotangulia halihesabiwi, kisha mimina shanga 30 kwa mpigo mmoja mwone ngapi zinapotea. Mngurumo wa hezi 50 kutoka kwenye nyaya za ukutani utaonekana kama mawimbi yasiyokoma chini ya mapigo. Kizingiti kiwekwe juu yake. Feni izimwe, chaja ichomolewe, laptopu itumie betri.

Wako,
Walimu wa fizikia,
Chake Chake, Pemba.